Zabuni ya bango isitulazimishe kukodi programu

Ndugu Mhariri,

Msomaji wako mmoja wa Dar es Salaam aliandika hivi karibuni kwamba sisi wenye maduka ya uchapaji huku mikoani ni wezi wa programu, na kwamba asiyeweza kulipia kila mwezi awaachie fani wanaoweza. Naomba nimjibu kwa heshima, na nikimaliza naye nina ombi kwa maofisa manunuzi.

Mimi ni mama mwenye duka la steshenari na uchapaji hapa Mwanga, Kigoma mjini. Natengeneza kadi za mchango na za mwaliko, mabango ya maulidi, ya mikutano ya injili na ya mahafali, stika za bodaboda, lebo za bidhaa, vyeti vya chekechea. Chumba cha nyuma kuna kijana anayehariri video za harusi na sendofu, na kaunta anakaa binti ambaye siku hizi ananizidi mwendo kwenye kadi. Kazi hii niliianza kabla ya simu za kupangusa, enzi ambazo mteja alileta picha ya pasipoti mkononi tuiskani.

Wizi siutetei. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda programu ya kompyuta kama inavyokilinda kitabu. Tena ninayo sababu nyingine isiyo ya mahakamani: programu iliyovunjwa kufuli, ile vijana wanayoiita kreki, mara nyingi huingia na mgeni. Jirani yangu wa fani aliipakua moja ya video. Asubuhi akakuta mafaili ya wateja wote yamefungwa na ujumbe wa Kiingereza unamdai hela ya mtandaoni. Kuna bibi harusi wa Gungu mpaka leo anadai video yake, na kila akinikuta sokoni ananisimulia upya kana kwamba mimi ndiye niliyeifunga.

Hapo mimi na msomaji wako tuko pamoja. Tunaachana pale anapodhani kwamba dawa ni kila fundi ajiunge na malipo ya mwezi, basi. Hajauliza ni nani anayetuchagulia programu. Aghalabu si sisi. Ni mwenye tangazo la zabuni, mwenye mtaala wa kozi, na mteja aliyeambiwa kuwa kazi ya kweli inafanywa na programu fulani tu. Wao wanachagua, bili inakuja Mwanga.

Kwa wasioijua biashara hii nieleze kidogo. Programu zinazotajwa zaidi ni za kampuni ya Adobe ya California: Illustrator ya kuchora nembo, iliyotoka mwaka 1987, Photoshop ya picha, iliyoanzishwa na ndugu wawili, Thomas na John Knoll, ikaingia sokoni 1990, InDesign ya vitabu na magazeti, Premiere Pro na After Effects za video. Zamani ulizinunua kwenye boksi, zikawa zako mpaka kompyuta ife. Boksi la mwisho, Creative Suite 6, lilitoka mwaka 2012. Photoshop peke yake iliuzwa Marekani kwa dola 699, na mkusanyiko mzima dola 2,599. Mei 2013 kampuni ikatangaza kwamba maboksi yamekwisha: anayetaka matoleo mapya ajiunge na Creative Cloud, yaani azikodi. Kwa anayejifunga mwaka mzima, programu zote pamoja zilianzia dola 49.99 kwa mwezi.

Nisiwe mnafiki, kwa watu wengi mlango ulipanuka. Dola 2,599 kwa bei ya wakati ule ni zaidi ya shilingi milioni nne, na sijui ni nani hapa mjini angezitoa kwa mkupuo kwa ajili ya kitu ambacho hata hakishikiki. Kijana wa Dar mwenye kazi za matangazo kila siku analipia mwezi, anapata toleo jipya, anapata fonti za kumwaga, na hela yake inarudi kabla wiki haijaisha. Huyo alipe, wala asijiulize mara mbili. Kama barua ya msomaji wako ilimlenga yeye, mimi sina neno.

Sisi tatizo letu ni kalenda. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresma zilianza karibu pamoja mwanzoni mwa Machi. Mji huu una Ujiji yenye misikiti yake na una parokia zake. Waislamu hawafanyi harusi mwezi wa toba, na Wakristo wetu wengi hawafungi ndoa za shamrashamra hadi Pasaka. Kaunta yangu ilibaki na fotokopi za vitambulisho na barua za walimu za kuomba uhamisho. Au chukua mwaka 2024, Serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Uamuzi wenyewe siupingi, ziwa lilikuwa limechoka. Lakini mwalo ukifungwa, anayefungasha dagaa haji kuchapa lebo, mwenye mgahawa haji kuchapa menyu, na hata michango ya harusi inapungua. Halafu Septemba na Oktoba, shule zinapoingia kwenye mahafali, tunakesha. Desemba usiseme.

Malipo ya kila mwezi hayaijui kalenda hiyo, na mpango ambao watu wengi huuchukua ni wa hila kidogo. Unaitwa wa mwaka unaolipwa kwa mwezi. Mtu anasoma bei ya mwezi, anadhani kwamba mwezi wa ukame ataacha na mwezi wa neema atarudi. Siyo. Amejifunga miezi kumi na miwili. Akivunja mkataba baada ya siku 14 za mwanzo, anadaiwa nusu ya kilichobaki. Tupige hesabu kwa ile bei ya kuanzia, tuiite dola 50 kwa urahisi. Umelipa miezi minne, imebaki minane, hiyo ni dola 400, nusu yake 200. Dola 200 za kuondoka! Upo mpango wa mwezi kwa mwezi usio na faini hiyo, lakini bei yake iko juu. Ulipoanza ulikuwa dola 74.99. Na wala si sisi wa pembezoni tu tuliolalamika. Juni 2024 Serikali ya Marekani ilifungua kesi dhidi ya Adobe, ikidai kwamba ada hiyo ya kuondoka ilifichwa mteja asiione na kwamba kujitoa kulifanywa kugumu. Kampuni ilipinga madai hayo. Mimi si hakimu, ninachosema ni kwamba kama Wamarekani wenyewe, wanaosoma Kiingereza tangu utotoni, walihitaji serikali yao iwasomee maandishi madogo, kijana wa Kasulu anayejiunga kwa simu saa tano usiku ana hali gani?

Kuna na dola yenyewe. Mwaka 2013 dola moja ilikuwa kama shilingi 1,600. Katikati ya 2024 ilipita 2,600. Yaani hata kampuni ikiacha bei palepale, kwetu imepanda zaidi ya nusu, na kadi ya mchango haikupanda hivyo, maana kamati za harusi zinajua kubana. Mwaka 2025 Serikali ilipiga marufuku kupanga bei za ndani kwa fedha za kigeni, nasi tukashangilia. Nikamsikia mwenzangu mmoja anauliza kama na Photoshop imo. Haimo, ndugu yangu, California si mtaa wa Lumumba.

Kadi ya benki nisiizungumzie sana. Benki moja ya hapa iliniambia kadi yangu imefunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni, siku ya kulipa ikakataa, dirishani nikaambiwa nirudi Jumatatu. Siku hizi natumia kadi ya mtandaoni inayotengenezwa kwenye simu, unaweka hela kamili na chenji ya makato, inapita.

Wengine wanadhani Creative Cloud inakaa angani, intaneti ikikatika kazi imekufa. Hapana, Photoshop na wenzake wanasimikwa kwenye kompyuta yako na wanafanya kazi bila bando. Ila lazima zipige hodi makao makuu mara kwa mara kuthibitisha kwamba umelipa: mteja wa mwaka anaweza kukaa hadi siku 99 nje ya mtandao, wa mwezi kwa mwezi siku 30. Kwa hiyo Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na nchi nzima ikatambaa, waliokwama kabisa ni wanaotumia zana za kwenye kivinjari kama Canva. Mimi Canva naipenda, binti wa kaunta anaitumia kwa kadi za haraka, lakini siku zile alikuwa anaangalia kiduara kinazunguka na wateja wamejaa kwenye benchi.

Kinachonitia shaka zaidi ni kile kilichowapata watu wa Venezuela. Oktoba 2019 Adobe iliwatangazia kwamba akaunti zao zitazimwa kwa sababu ya amri ya vikwazo iliyotolewa na Rais wa Marekani. Baadaye mwezi huohuo kampuni ikapata kibali, wakaendelea. Mafundi wale hawakuwa wameiba wala kuchelewa kulipa. Serikali mbili ziligombana, kompyuta ya mtu wa kadi za harusi ikaingia katikati. Mwenye CS6 yake ya boksi siku hiyo alilala usingizi.

Sasa nieleze tunavyofanya sisi, kwa sababu msomaji wako anaona kuna njia mbili tu, kulipa au kuiba.

Mama mmoja wa Kibirizi anayefungasha dagaa alikuja na pakiti tupu na picha aliyoipiga kwa simu. Dagaa wamelala juu ya wavu wa kuanikia, jua la saa nne linawapiga, ile fedha yao inaumiza macho. Alitaka dagaa walewale wakae kwenye lebo ya bluu, wavu usionekane. Kumtoa dagaa kwenye wavu ni kazi ya subira. Unaikuza picha mpaka mkia mmoja unajaza skrini, unaweka nukta, unaupinda mstari, unaweka nyingine, na pale mapezi yanapopita kwenye uzi inabidi uamue wewe mwenyewe dagaa anaishia wapi. Nilitumia GIMP, programu huria ambayo wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley waliianza mwaka 1995, na toleo lake la 3.0 lilitoka Machi 2025. Haidai hata senti, kisheria kabisa. Yule mama alikuwa amekaa pembeni yangu na kitenge chake cha Kongo, anaangalia kila nukta.

“Dada, mbona dagaa wangu wamekuwa wachache?”

“Nimewatoa waliovunjika vichwa, mama. Hawapendezi.”

“Warudishe. Mteja akifungua pakiti akawakuta, atasema lebo imemdanganya.”

Nikawarudisha, vichwa vimevunjika hivyohivyo. Jina la bidhaa na nembo nikavichora kwa Inkscape, ambayo nayo ni ya bure na ipo tangu 2003. Nikaacha nafasi nyeupe ya tarehe ya kuisha muda, aweke kwa mhuri. Halafu vyote nikaviingiza Scribus, programu ya bure ya kupanga kurasa, kwa sababu lebo ile ilikuwa inakwenda kuchapwa kwa rangi nne za matbaa, zinazoitwa CMYK, na GIMP kwenye rangi nne si hodari. Bluu ndiyo inayosumbua kuliko zote. Kwenye skrini imetulia, ukiichapa bila kupima inaelekea zambarau, na mteja anadhani umembadilishia. Unapunguza ule wekundu unaojificha ndani ya bluu, unachapa kipande, unakitoa nje ukiangalie juani, unarudi. Tulipokubaliana, Scribus ikatoa PDF ya kuchapa, nikaituma Dar kwa WhatsApp kama faili, wala si kama picha, maana WhatsApp ikiikamua picha hakuna lebo tena. Mzigo ukarudi na basi. Mchapaji wa Dar hakuuliza hata mara moja kazi ile imetengenezwa na programu gani. Alitaka PDF yenye vipimo sahihi, akaipata.

Kwenye video kijana wangu anatumia DaVinci Resolve ya Blackmagic Design, kampuni ya Australia. Toleo la bure linatosha harusi yoyote ya Kigoma, na toleo la Studio ni dola 295 unalipa mara moja. Mwanzoni aliogopa, akaniuliza, “Mama, hii ni ya bure kweli, au kuna siku watanidai?” Shida yake ni kwamba inataka kompyuta yenye nguvu, kwa hiyo kwenye laptopu ya zamani tunabaki na Kdenlive, nayo ya bure, tunaacha inarenda, yaani inatengeneza video ya mwisho, usiku tukiomba umeme usikatike.

Wala sitaki kumdanganya mtu kwamba hakuna kinachopungua. Mteja mmoja wa sendofu alitaka majina ya maharusi yaruke na kung'aa kama alivyoona kwenye video ya mjini. Yale ni violezo vya After Effects, mwenye nayo anabadilisha jina tu anakwenda kulala. Kijana akayajenga moja moja kwa Blender, programu ya bure ya michoro inayotembea. Yakatoka mazuri kuliko yale ya mjini, nasema hivyo ingawa ni wangu, lakini kwa muda alioweka, malipo yale hayakufika hata ya chai. Ningekuwa na maharusi wa namna hiyo kila wiki ningelipia, tena kwa mpango wa mwaka. Na kwa gazeti kama lako, Mhariri, lenye kurasa za kupangwa kila usiku na watu wengi juu ya faili moja, sitegemei uniambie mnatumia Scribus.

Kuhusu tovuti nitapita haraka. Shule na hoteli za hapa tunazitengenezea kwa WordPress, ambayo ni ya bure tangu 2003. Jina la tovuti na mahali pa kuihifadhi ndivyo vinavyolipiwa kila mwaka, na hapo hakuna ujanja.

Vijana wanaokuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo ni wazuri, wana macho na wana mikono. Lakini wengi wamefundishwa vitufe vya programu moja. Ukimuuliza kijana leya, zile tabaka za picha zinazolaliana, ni nini, anakujibu, “Zile za upande wa kulia wa Photoshop.” Kwenye GIMP pia ziko upande wa kulia, mwanangu, kaa hapa nikuonyeshe. Baada ya wiki mbili tatu anatembea mwenyewe. Ila wapo wanaorudi nyumbani siku ya kwanza wakisema huku hakuna programu za kweli, na mzazi anaanza kutafuta hela ya laptopu kubwa na ya kujiunga, kwa mtoto ambaye bado hajui kwa nini maandishi mekundu juu ya kijani hayasomeki kwa mbali. Walimu wa kozi hizi nawaomba wafundishe rangi, nafasi na maandishi kwanza, kwa programu mbili angalau, moja ya kulipia na moja ya bure.

Nije sasa kwa maofisa manunuzi. Hivi karibuni taasisi moja, jina nalihifadhi, ilitangaza kazi ya mabango na vipeperushi. Kazi ya kawaida kabisa, tunaiweza. Kipengele kimoja kikasema mzabuni atawasilisha kazi yote kwa faili za AI na PSD. Hizo ni faili za Illustrator na Photoshop. Inkscape inaweza kulifungua faili la AI kama mwenyewe alilihifadhi na PDF ndani yake, lakini haiwezi kulitengeneza. Kwa hiyo ukiandika AI kwenye tangazo, umemsukuma mzabuni awe mteja wa kampuni moja ya California. Nikampigia afisa husika.

“Habari za kazi, kaka. Hilo faili la AI mtalifungulia nini hapo ofisini?”

“Sisi hatulifungui, mama. Tunalihifadhi.”

“Nikiwapa PDF je?”

“Mama yangu, tangazo limeshatoka. Na hicho kipengele kilikuwepo hata kwenye la mwaka juzi.”

Alikuwa mpole, simlaumu, alilikuta. Lakini angalia kilichotokea. Ofisi ambayo haina Illustrator inamtaka fundi awe nayo, ili ampelekee faili ambalo ofisi haiwezi kulifungua. Kila mwaka wananijia watu wa ofisi mbalimbali na flashi mkononi: “Mama, tusaidie kufungua nembo yetu.” Nembo yao wenyewe! Aliyeitengeneza amehama mji au ameacha kulipia, na wao wamebaki na faili ambalo kompyuta yao inalionyesha kama karatasi nyeupe.

PDF ni ya Adobe hiyohiyo, waliitoa mwaka 1993. Ila mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa, ISO 32000, na programu yoyote inaruhusiwa kuiandika na kuisoma, ya bure na ya kulipia. Mkaguzi wa ubora akitaka kuikagua anaikagua kwenye simu yake. Vivyo hivyo SVG kwa michoro na nembo, ni kiwango cha wazi tangu 2001, na Illustrator yenyewe inaifungua bila kununa.

Kwa hiyo kipengele kile kiandikwe hivi, na anayetaka akinakili kama kilivyo: Mzabuni atawasilisha PDF ya kuchapa yenye ukubwa halisi, rangi za CMYK, fonti zote zikiwa zimepachikwa ndani, na nafasi ya kukatia milimita 3 kila upande, nembo na michoro iwasilishwe pia kwa SVG, video iwasilishwe kwa MP4. Mkiogopa kwamba mtashindwa kufanya marekebisho baadaye, ongezeni kwamba faili la kazi liwasilishwe katika muundo wowote unaoweza kufunguliwa na programu zaidi ya moja. Mwenye Creative Cloud atayatoa yote hayo kwa dakika chache. Mwenye Affinity, programu ya michoro na kurasa, atatoa hizo PDF na SVG. Ile ya Serif ya Uingereza iliyonunuliwa na Canva mwaka 2024 na tangu mwishoni mwa Oktoba 2025 ni ya bure kwa mwenye akaunti ya Canva. Na mimi na Scribus, Inkscape na Resolve zangu nitayatoa. Mtatupima kwa kazi na kwa bei.

Kwenye zabuni ile niliwasilisha PDF na SVG, na barua fupi ya kueleza kwa nini. Ilifungwa Ijumaa, matokeo bado. Kama wataniacha kwa sababu bango langu baya au bei yangu kubwa, nitashukuru na nitajirekebisha. Kama ni kwa sababu ya aina ya faili, naomba waniandikie hivyo kwa maandishi na mhuri, nikuletee nakala, Mhariri, uichapishe chini ya barua ya yule ndugu yetu wa Dar.

Wako,
Mama wa steshenari,
Mwanga, Kigoma.